Simu Nyeusi za Njia ya Karuzi

Mwaka ambao simu za mkononi zilianza kuonekana Gitega, Shafii alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa kwenye meza yake ya kutengeneza saa, nje ya soko, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akisema kwamba kuna kitu asichokijua. Saa ikimshinda, alimwambia mwenyewe kwamba imechoka. Mwenye saa alikubali, akaondoka nayo ikiwa imechoka vilevile. Vita havikumharibia kazi. Watu walihitaji kujua saa ya kufunga maduka na saa ya kuwa ndani ya nyumba, na mtu aliyechelewa kwa sababu ya saa mbovu hakuwa na wa kumlalamikia. Kilichomharibia kazi ni simu, kwa kuwa kila simu ilikuja na saa ndani yake.

Mtu mwingine angezichukia. Shafii alizisoma.

Duka lililoziuza lilikuwa la Nizar, hatua chache kutoka mezani kwake. Babu yake Nizar alitoka India na marobota ya vitambaa, baba yake akaongeza baiskeli na taa, na Nizar mwenyewe, barabara zilipokuwa za kubahatisha, akageukia vitu vidogo vinavyofichika. Alizipenda simu za kukunja kuliko nyingine zote, maana simu ukiikunja inakuwa ndogo zaidi. Kila boksi lilikuwa na kijitabu cha maelezo kwa Kifaransa, ambacho wateja walikitupa palepale mlangoni. Shafii alikiokota. Kwa miezi minane alivisoma vijitabu hivyo kwa lenzi yake ya saa ikiwa jichoni, mpaka ikawa mtu hanunui simu kwa Nizar bila kwanza kupita kwa fundi.

"Fundi, ile ya rangi ya fedha na ile nyeusi, ipi iko nzuri?"

Hakujibu haraka. Aliuliza kwanza: unalala wapi, umeme unafika? Unapigiwa sana, au we ndiye unayepiga? Ndipo alipoanza kueleza, akinyoosha kidole kimoja baada ya kingine. Ile ya fedha ina kioo kidogo kwa nje, kinakuonyesha jina la anayekupigia kabla hujaifungua, kwa hiyo unaweza kuamua kutoifungua. Ina kamera pia, ila picha zake ni kama umetazama watu kupitia chai ya maziwa. Ile nyekundu ni nyembamba, ina kioo cha kujitazamia mgongoni, mabibi harusi wanaipenda, lakini bawaba yake ni ya kitoto. Miezi mitatu tu, shingo imekatika. Nyeusi ni nene kama kipande cha sabuni, haina rangi wala kamera, antena yake unaivuta kwa meno, lakini betri yake inakaa siku tano.

"Nyeusi ndiyo simu," alimalizia kila mara. "Hizo zingine ni mapambo."

Yeye mwenyewe hakuwa na simu. Hakuwahi kupiga wala kupigiwa. Hakuna aliyefikiria kumuuliza, na mkewe Raissa, aliyejua, alikuwa na adabu ya kutolisema mbele za watu.

Nyumbani kwao, mtaa wa Yoba, hakuwa na sababu ya kulinyamazia. "Baba Twaha," alimwambia asubuhi moja akimmiminia chai, "we unajua simu zote za Gitega. Mi nataka moja tu."

"Ngoja kidogo. Kuna zingine zinakuja, ziko bora."

"Ulisema hivyo kabla ya Ramadhani."

"Na kweli zilikuja."

"Alors, yangu iko wapi?"

"Mais nyuma yao kuna zingine bora zaidi."

Raissa akachukua birika, akaondoka nalo, ingawa kikombe cha mumewe kilikuwa nusu.

Siku hizo ndipo Nizar alipomwita dukani na kufunga mlango. Mnara wa simu ulikuwa umesimamishwa Muyinga. Wafanyabiashara wa kule, watu wa kahawa na vitenge, walio karibu na mpaka wa Tanzania na hela zao zinatembea, walikuwa wanataka simu na hawajui waanzie wapi. Nizar alitaka Shafii aende na simu sita, mbili za kila aina, akae sokoni na kueleza kama anavyoeleza Gitega. Wakishawishika, atatuma shehena.

"Tuma mtu wa kuuza," Shafii alisema. "Mi ni fundi."

"Wauzaji wanasema kila kitu ni kizuri," alijibu Nizar. "We unasema kitu kibaya ni kibaya. Watu wanakuamini, donc wananunua. Enda, sha. Kule Muyinga, Zuberi atakupokea dukani kwake."

Safari ya kwenda Muyinga hupita Karuzi, na njia hiyo wakati ule haikuwa njia ya kuianza kwa kukurupuka. Magari yalisubiri asubuhi mpaka wanajeshi waseme imefunguka, kisha yakaondoka kwa msururu, yakifuatana kama watu wanaokwenda kuzika. Raissa alizifunga simu sita ndani ya maboksi yake, akazizika ndani ya mfuko wa unga wa muhogo, akaukaza mdomo wake kwa kamba.

"Wakikusimamisha, toa watakachoomba," alimwambia. "Na usieleze kitu. Unasikia? Usieleze."

"Nitaeleza nini mi?"

"Ninakujua."

Alipanda gari la Houssein, Toyota la kubeba abiria na mizigo, ambalo lilikuwa la mwisho kwenye msururu kwa sababu Houssein aliziogopa tairi zake kuliko alivyowaogopa waasi, wale watu wa msituni. Ng'ambo ya Karuzi tairi moja ikapasuka, hofu yake ikathibitika. Alipomaliza kuibadilisha, magari mengine yalikuwa yameshatokomea na wanajeshi wao. Wakaendelea peke yao, na kwenye kona yenye mikaratusi wakakuta gogo limelazwa barabarani.

Walikuwa watu tisa au kumi, wengine bado hawajaota ndevu. Waliwashusha abiria kimya kimya, kama watu waliozoea kazi. Wakachukua makoti, wakachukua vitenge, wakachukua sufuria mpya ya mama mmoja aliyekuwa anaipeleka kwa binti yake aliyejifungua. Kisha wakaanza na viatu, kutoka mwisho mmoja wa mstari. Kabla hawajamfikia Shafii, mmoja akafungua mfuko wa unga, akatoa maboksi sita meupe kama yaliyonyeshewa jivu, akayapeleka kwa mkubwa wao.

Mkubwa huyo alikuwa mwembamba, amevaa sweta la shule na miwani ambayo mkono wake mmoja ulifungwa kwa uzi. Aliyafuta maboksi kwa kiganja, akafungua moja baada ya jingine, akazipanga simu kwenye boneti ya gari.

"Za nani?"

"Zangu, shefu. Yaani, si zangu. Nazipeleka."

"Ipi iko nzuri?"

Shafii aliyasikia kabisa maneno ya mkewe, kama yuko pembeni yake na birika mkononi. Angeweza kusema zote sawa. Angeweza kuitaja nyekundu, ikaenda kukatika shingo huko msituni, na dhambi yake isingekuwa kubwa. Lakini swali lilikuwa ni lile lile alilolijibu kila siku kwa miezi minane, na hakuwa amewahi kulijibu kwa uongo.

"Inategemea," alisema. "Shefu analala wapi?"

Bunduki mbili zikainuka. Nyuma yake Houssein alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Unasema?"

"Si mahali penyewe. Naulizia umeme. Unafika?"

Yule mkubwa alimtazama juu ya miwani yake. "Haufiki," alisema.

"Basi tutoe hii ya fedha. Vioo viwili vinakula betri, kesho kutwa imekufa. Unapigiwa sana, au we ndiye unayepiga?"

"Mimi ndiye ninayepiga."

"Nyekundu tuitoe pia. Sauti yake iko kali, na bawaba yake haifai. Inabaki nyeusi." Alikuwa ameisogelea boneti bila kujijua, na yule mwenye bunduki akampisha. "Hii ukitaka isilie, unabonyeza hapa na kushika. Mtu akipiga, inatetemeka tu mfukoni. Aliye karibu nawe hasikii kitu."

"Hasikii?"

"Kabisa. Na antena uivute pale tu unapoongea. Ukimaliza, irudishe, uikunje simu; ukifunga, imekata. Ukifanya hivyo, siku tano, hata sita."

Vijana wawili walikuwa wamekaribia ili waone. Mkubwa wao aliifungua na kuifunga simu nyeusi mara tatu, akisikiliza mlio wake. Akachukua zote mbili. "Moja yangu," alisema, "na moja ya mtu ninayempigia." Kisha akamsukumia Shafii zile nne zilizobaki.

"Na hizi, shefu?"

"Si umesema hazifai?"

Wakaingia kwenye mikaratusi na mizigo yao, na hapo ndipo Shafii alipotazama chini na kuona kwamba, kati ya abiria wote, ni yeye peke yake aliyebaki na viatu. Ndani ya gari hakuna aliyemsemesha mpaka Muyinga. Mama wa sufuria alihama kiti.

Kituo cha kwanza cha wanajeshi mjini kilipokea habari zote kabla gari halijazima. Luteni aliyemhoji alikuwa kijana mwenye sare iliyopigwa pasi, na meza yake ilikuwa na kalenda, kalamu mbili na sasa simu nne.

"Watu wote wamekuja peku," alisema. "We umekuja na viatu na simu. Niambie mnajuana tangu lini."

"Hatujuani. Aliniuliza ipi nzuri, nikamwambia."

"Ukamwambia ukweli?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Shafii alimwambia ni kwa sababu aliulizwa. Luteni aliandika jambo hilo, kisha akalitazama aliloliandika kama hesabu isiyotoka. Akaegemea kiti.

"Haya. Nielezee mimi kama ulivyomweleza yeye."

Shafii alieleza. Alieleza kwa makini zaidi, kwa kuwa alihofia maisha yake, na luteni alisikiliza, akauliza, akazifungua simu moja moja. Mwisho akauliza mtu anayelala kwenye kambi yenye jenereta, na ambaye angependa kujua ni nani anayempigia kabla hajapokea, yeye inamfaa ipi. Shafii aliona swali linakoelekea. Hata hivyo alijibu.

"Ya fedha, luteni."

"Vizuri. Hii inabaki kwa uchunguzi."

"Mbona ziko mbili?"

"Moja ya uchunguzi," alisema luteni akizitia zote mbili kwenye droo. "Na nyingine ya kulinganisha."

Ndivyo Shafii alivyofika dukani kwa Zuberi, mfanyabiashara wa vitenge na chumvi, akiwa na simu mbili nyekundu zilizobaki, zile alizokuwa anawakataza watu wasizinunue. Wafanyabiashara walikuwa wameshakusanyika kibarazani. Chai ilikuwa imepikwa, sambusa zimewekwa. Habari ya boneti ilikuwa imefika kabla yake na ilikuwa imenenepa njiani: sasa watu wa msituni walikuwa arobaini, na walikuwa wamezijaribu simu zote kwa kuzitupa mtoni.

"Fundi, pole sana," Zuberi alisema. "Sasa ile waliyochukua, tutaipata lini?"

"Nilikuja na mbili tu. Ziko kwao."

"Tunajua. Tunataka kama hiyo. Wale watu hawachezi, wakichagua kitu ujue kiko."

"Hawakuchagua wao. Mi ndiye niliyewaambia."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Zuberi kwa upole, kama anavyosema mtu anayeelewa kwamba kuna mambo hayasemwi hadharani. Wote kibarazani wakatazama vikombe vyao. Nyekundu hakuna aliyeigusa. Mzee mmoja aliuliza ina ubaya gani, na Shafii akamwambia ubaya wake wote, huku akila sambusa ya mwenyeji.

Ilibidi Nizar apewe habari. Zuberi alikuwa na kadi ya laini aliyoinunua mapema, akisubiri kupata simu ya kuitia. Wakaiweka kwenye nyekundu moja, wakapanda kilima mpaka mahali rezo, yaani mtandao, inaposhika, na kibaraza kizima kikawafuata kumwona bingwa wa simu akipiga. Shafii aliibonyeza namba ya duka vizuri, akavuta pumzi, akaiweka simu sikioni. Aliposikia sauti ya Nizar, karibu na wazi kama amesimama nyuma yake, alishtuka kuliko alivyoshtuka kwenye mikaratusi.

Alisimulia. Alipofika kwenye boneti, Nizar alianza kupaza sauti. Kihindi kiliingia, Kirundi kikafuata. Shafii hakuwa amezoea kugombezwa ndani ya sikio. Mkono wake wenyewe ukaifunga simu.

Kimya kilikuwa kizuri ajabu. Alisimama pale akiitazama. Alikuwa amewaeleza mamia ya watu kwamba ukifunga imekata, na hakuwahi kufikiria kwamba maana yake ni hiyo: mtu mkubwa, mwenye duka, unamkunja tu. Simu ikalia tena. Akaifungua, Nizar akaendelea, akaifunga. Mara ya tatu Nizar alianza kwa sauti ya kawaida na kumwuliza kama ameumia.

Aliporudi Gitega alimkuta Nizar amekaa na mama yake, Sikinabai, ambaye hakushuka dukani ila kwa jambo zito. Bibi alimwuliza swali moja.

"Wezi walikuuliza, ukawaambia ukweli?"

"Ndiyo, mama."

Sikinabai akamgeukia mwanawe. "Nizar, mtu aliyemwambia mwizi ukweli, mteja atamwambia nini? Leta nyeusi. Leta nyingi."

Nizar alizileta, zikaisha. Akaleta tena. Gitega nzima, Muyinga, mpaka Ryansoro ambako hapakuwa na rezo kabisa, watu walitaka ile waliyoiita simu ya msituni. Wake za wanajeshi waliinunua. Shafii alizidi kuheshimiwa, ingawa heshima yenyewe ilikuwa na baridi fulani. Watu walimsalimia mapema mno, wakiwa bado mbali, na wengine walimwomba awafikishie salamu bila kusema kwa nani. Alikanusha mwanzoni. Baadaye akaona kukanusha ndiko kunakowathibitishia.

Zile nyekundu mbili Nizar hakuzitaka tena machoni pake, akampa. Moja Shafii aliipeleka nyumbani, akaiweka mezani na kuanza kueleza udhaifu wa bawaba. Raissa alikuwa ameshaigeuza mgongo na kujitazama kwenye kile kioo, akirekebisha mtandio.

"Miezi mitatu tu," Shafii alisema.

"Sawa, Baba Twaha."

Nyekundu ikapita miezi mitatu, ikapita sita. Raissa aliifungua na kuifunga kutwa nzima, akiongea na dada zake, ikadondoka kwenye karai la maji na kwenye maharage, ikaendelea. Zilizoanza kurudi ni nyeusi. Ndani ya bawaba yake ile nene kulipita utepe wa waya, mwembamba kama ganda la kitunguu, na antena ilipovutwa kwa nguvu kila siku, utepe ulichanika pale pale. Kijitabu hakikuwa kimelitaja hilo. Kwanza ilirudi moja, kisha tano kwa wiki, kisha meza ya Shafii ikajaa simu nyeusi zenye shingo zilizolegea. Aliwaambia wenyewe kwamba zimechoka. Alijifunza kuunga utepe ule kwa lehemu na sindano, na kazi yake ikarudi kuwa nyingi kuliko enzi za saa.

Hakuna aliyemlaumu. Kilichomkosesha usingizi ni zile mbili ambazo hazijarudi. Kila gari lilipofika kutoka Karuzi alinyanyua macho kutoka mezani, akatazama wanaoshuka. Aliwaza kuhusu mtu mwenye miwani ya uzi, amevuta antena kwa meno, anapiga kwa sababu jambo ni la haraka, na simu haisemi.

Mapatano ya amani yalikuwa yameanza kuzungumzwa redioni siku mwanamke mmoja alipokaa kwenye benchi lake. Alikuwa na kikapu cha mihogo. Chini ya mihogo kulikuwa na jani la ndizi, na ndani ya jani simu mbili nyeusi, zote shingo zimelegea.

"Fundi, mwenyewe anasalimia," alisema. Hakutaja jina, wala Shafii hakuuliza. "Ana swali. Anauliza siku ile ulimdanganya, au ulikuwa hujui?"

Shafii aliitoa lenzi jichoni. Nje ya duka lake, Nizar alikuwa anabishana na mchukuzi. Jibu la kwamba zimechoka lilikuwa tayari ulimini, limenyooka, limemsaidia maisha yake yote. Alilishikilia kidogo.

"Mwambie nilikuwa sijui," alisema.

Mwanamke alimtazama kama anapima kitu, kisha akatikisa kichwa kukubali. "Alisema ukijibu hivyo, nikuachie uzitengeneze. Nitazifuata Ijumaa."

"Na ningejibu vingine?"

"Hilo hakuniambia."

Alijitwika kikapu, akaenda kuuza mihogo yake. Shafii aliirudisha lenzi jichoni, akachukua bisibisi ndogo kuliko zote, akaanza na ile iliyokuwa imechakaa zaidi.